Jina Lililolala Chini

Nilipokuwa mtoto kule Sange, hakuna andiko lililoachwa mavumbini jua likazama. Bibi, aliyetulea, hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kwa jambo hilo hakuwa na mzaha. "Jina ya muntu hailale chini," alituonya. "Ikilala, kifo inapita, inaisoma."

Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya vita. Kaka yangu Riziki, kijana wa miaka kumi na sita, akawa mwalimu wangu pale uani. Alichora herufi kwenye vumbi, nami nikazifuatisha kwa kidole. Alianza na jina lake, maana lina I tatu, na I haimshindi hata mvivu kama mimi. Kila jioni alilifuta kwa ufagio.

Siku niliyoliandika peke yangu, bila kufuatisha, niliona uchungu lifutwe. Nikalifunika kwa ungo, Riziki asilione.

Asubuhi wakaja wenye bunduki, wakitaka vijana wa kuwabebea masanduku mlimani. Wengi waliochukuliwa hivyo hawakurudi. Riziki akawahi kukimbia, akalala kifudifudi kwenye mihogo nyuma ya nyumba. Mmoja wao akaupiga ungo teke. Akainama, akasoma polepole, "Ri-zi-ki."

Niliogopa mpaka mkojo ukanitoka. Nilijua ni kifo chenyewe, kimekuja na buti, na mimi ndiye niliyekiita.

"Riziki iko wapi?"

"Iko huyu mutoto," Bibi akasema, akanisukuma mbele.

"Huyu mudogo? Andika, nione."

Nikapiga magoti. Niliandika neno pekee nililolijua, na Z ikageukia upande usio wake, vilevile kama ya jana. Alitazama jina la kwanza, akatazama la pili. Kisha akacheka. "Mwalimu yako hajue kufundisha," akasema, akaondoka na wenzake.

Ndugu zetu husema herufi zangu zilimwokoa kaka, na hunisifu mbele ya wageni. Mimi najua kwamba zilimuuza kwanza. Bibi, aliyeona ungo ulipokuwa, alifariki bila kumwambia mtu siri hiyo. Riziki mwenyewe anaamini kwamba jioni ile alifagia vibaya, na kila tukikutana huniomba radhi kwa hofu aliyonitia. Nami, na mvi zangu hizi, humjibu, "Yamepita, kaka. Nimekusamehe."