Fuwele na Mikono ya Mama

Miaka miwili nilikuwa ughaibuni, maabarani, nikihangaika kuotesha fuwele moja. Ndani yake kulikuwa na protini mbili za binadamu zilizoshikana. Ya kwanza ni ya usafi, huisaidia seli kuzoa na kuvunja sehemu zake zilizochakaa. Ya pili hukaa juu ya mitokondria, vile vijiwanda vinavyoipa seli nguvu. Tuliipiga fuwele kwa eksirei, tukaona hasa mahali protini moja inapoikamata mwenzake. Mitokondria mbovu zisipozolewa, huenda seli za ubongo zikafa na mtu akaanza kutetemeka. Ndivyo tunavyodhani.

Nilipokuja likizo kijijini kwetu Mahongole nilimkuta mama anatetemeka.

Kila Jumapili kwenye simu aliniambia, "Mimi mzima." Jirani ndiye aliyenifumbulia: wanajumuiya wenzake wa kanisani walikuwa wamemwondoa mama kwenye kupeleka vipaji vya misa altareni, eti ulanzi, ile pombe ya mianzi, umemzidi. Mama yangu, asiyevumilia hata harufu ya ulanzi!

Nilichemka. Jumuiya ilipokutana kusali nyumbani kwa mwenyekiti, nilikwenda na mama, nikasubiri wamalize, nikasimama na kompyuta yangu, nikawaonyesha picha ya protini zile, moja ya bluu, nyingine ya chungwa. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

"Huu ni ugonjwa. Mmemwita mgonjwa mlevi!"

Mwenyekiti, mama wa makamo, aliitazama picha kwa utulivu.

"Sasa mwanangu, hii ndiyo dawa yake?"

"Hapana, mama."

"Itakuwa dawa lini?"

"Sijui. Pengine isiwe."

"Basi umetuletea nini?"

Nilifunga kompyuta. Swali lake lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Hakuna aliyesema samahani.

Njiani kurudi nyumbani mama hakunitazama. "Nani alikutuma? Mlevi akiacha pombe watu husahau. Mgonjwa watamhurumia mpaka afe."

Jumatatu yake tulipandia basi mjini Makambako asubuhi kwenda hospitali Njombe. Daktari alimwambia atembee, kisha agonganishe vidole. Akanigeukia mimi.

"Ilianza lini?"

Mimi ninayejua mahali ilipo kila atomu ya protini ile, sikujua.

"Tangu aliposafiri huyu," mama alijibu.

Vidonge vilimsaidia. Mkono wa kulia ulitulia kiasi, akaweza kufunga mwenyewe vifungo vya sweta. Lakini altareni hawakumrudisha. Siku chache kabla sijaondoka, mwenyekiti alituletea debe la viazi, akaliacha mlangoni, akasalimia na kwenda zake.

"Nayarudisha sasa hivi haya maviazi yake," nilisema.

"Kaa chini," mama alisema.

Alivimenya taratibu, kimoja kimoja, akavipika na maharage. Mimi nilikataa kula.