Leseni ya Harusi Yako Inafikia Kikomo

Ilianza Jumamosi, saa tatu kasorobo asubuhi, na saa yenyewe siwezi kuisahau kwa sababu mpaka leo nikiona mshale unakaribia pale, masikio yanashika moto. Mimi ni mtu wa kuaibika kwa urahisi (mwalimu akiita majina tu, kabla sijasema "niko" macho yameshakimbilia sakafuni), kwa hivyo nikiwaambia hii ilikuwa aibu, mjue ilikuwa aibu kamili, ya kutembea ukiangalia viatu wiki nzima.

Niko kidato cha tatu. Kwetu ni Kosele, lakini likizo hii nilikuwa Mbita kwa dada ya baba, ambaye mimi humwita Waya, kama Wajaluo wote wanavyomwita shangazi. Waya ana studio, na kazi yake kubwa ni video za harusi. Ukioana na mtu Mbita, au Rusinga, au hata kule visiwani, huyo mama aliyepanda juu ya kiti mbele ya wazee na kuwazibia watu wa nyuma wasione pete ikivishwa, huyo ni Waya. Na video zote huwa anazihifadhi, maana watu wa huku huangusha simu ziwani kama wanaolisha samaki, flashi nazo zinapotea, halafu mwaka ukiisha mtu anarudi na machozi, "Mama Studio, nisaidie ingine." Kompyuta yake ina programu ya kuweka nakala za akiba, yeye huiita bekapu tu, aliinunua mara moja zamani, leseni ya milele, naye akawaahidi wateja vilevile: lipa siku ya harusi, nitakuwekea mpaka uzeeke.

Sasa wenye programu wakabadilisha maneno. Waliandika kwamba leseni ya milele haipo tena, ni kulipa kila mwezi, na ukiwa na vitu vingi unalipa zaidi, na usipolipa mlango unafungwa, video ziko ndani lakini kuzitoa huwezi. Waya alisoma akiwa amesimama, akaketi, akasoma tena.

"Kumbe milele nayo huwa na mwisho," akasema.

Akaamua kila mteja achange kidogo kidogo. Hakupenda, niliona. "Wakikataa," aliniambia, "hizo harusi zote zinapotea, Adhis, na mimi ndiye niliwaahidi. Nitapita wapi na hii sura?" Halafu akanipa kazi. Yeye alikuwa anaenda kupiga video ya harusi Rusinga, mimi nibaki niwapigie wateja simu mmoja mmoja, niwaeleze kwa Dholuo, polepole, kwa heshima.

Kupiga simu! Mimi! Kwa watu wazima nisiowajua, mmoja baada ya mwingine!

Hapo ndipo niliamua jambo dogo sana, dogo kama punje ya mtama: nitaandika meseji moja, nitume kwa wote. Na kwa kuwa mwalimu wetu wa Kiswahili aliwahi kusoma insha yangu mbele ya darasa (mimi nikiwa nimeinama chini ya dawati nikijifanya natafuta kalamu), nikasema nitaiandika kwa Kiswahili sanifu, Waya akirudi atashangaa. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Ikawa ndefu, simu ikaniambia zitakuwa meseji tatu kwa kila mtu, na mimi nikaona kuhurumia bando la Waya ni busara, nikaanza kupunguza. Nikatoa jina la studio. Nikatoa salamu. Nikaona "video ya harusi" ni maneno mengi, si kila mtu anajua tunaongea kuhusu video? Nikatoa "video ya". Ikabaki hivi, na niliisoma mara tatu nikijisifu:

"TAARIFA MUHIMU. Leseni ya harusi yako inafikia kikomo mwisho wa mwezi huu. Ili ndoa yako iendelee kuhifadhiwa, unatakiwa kulipa ada kila mwezi. Usipolipa, itafutwa na haitarejeshwa. Fika ofisini mapema ili kuepuka msongamano."

Hiyo ya msongamano niliiongeza kwa sababu ilisikika vizuri. Nikatuma, saa tatu kasorobo, kwa laini mpya ya studio, ambayo hakuna mtu alikuwa ameihifadhi.

Simu ilianza kulia kabla sijamaliza chai. Nikaiweka chini ya mto wa kiti. Ikaendelea kulia chini ya mto, na mto ukawa unatetemeka kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe nikaitoa niizime, kidole kikateleza, nikapokea.

"Haloo, ofisi? Ofisi ya ndoa?" Mwanamume alikuwa anapiga kelele, nyuma yake injini ya boti inanguruma. "Mimi ni Baba Bravin, fundi wa injini, niko kisiwani Takawiri! Msifute! Tafadhali msifute! Nimempigia bibi yangu sokoni nikamwambia ndoa inaisha mwisho wa mwezi, unajua amesema nini? Ati, 'Wacha iishe'! Sasa mimi nifanye aje, afisa?"

Afisa! Ningesema tu, mzee, ni video. Neno moja. Lakini nikakata simu, na (mniwie radhi) nikamtumia meseji: "Fika ofisini."

Ofisi gani sasa? Hilo nililifikiria nikiwa nimeshatuma.

Kumbe wateja walikuwa wameshaamua ofisi ni ya nani. Meseji ya Kiswahili safi, isiyo na salamu, inayotaka pesa: huku kwetu hiyo haiwezi kutoka kwa jirani, hiyo ni serikali. Jirani angeandika Dholuo. Kwa hivyo watu walienda moja kwa moja kwa chifu, wakamkuta nyumbani ameinua godoro, anatafuta cheti chake cha ndoa, kwa sababu naye alikuwa ameipata. Waya ndiye alipiga harusi yake. Wakabaki wakitazamana pale uani, makanisa tofauti, koo tofauti, mpaka mtu akauliza kwa nini jirani yake fulani hajatumiwa na yeye pia ameoa, ndipo mmoja akasema, "Huyo harusi yake ilipigwa na mtu wa Homa Bay. Sisi wote hapa, kamera ni moja."

Kwa dirisha nikawaona wakija, kundi zima, chifu mbele. Mimi nilikimbilia nyuma ya pazia la kupigia picha, lile lenye ngazi za jumba la kifalme na maporomoko ya maji, nikabana pumzi.

Wakaingia. Halafu nikasikia sauti ya chifu: "Hiyo miguu naona chini ya maporomoko, itoke."

Ikatoka, na mimi juu yake.

Mbele kabisa alisimama Jaduong' mmoja, mzee mwenye fimbo, ambaye ndoa yake ilibarikiwa kanisani akiwa tayari na wajukuu, na mkewe kando yake, wamevaa zile nguo za siku ile ile, yeye suti ya kijivu, mama na kofia ya maua. Walikuwa wameshikana mikono.

"Sisi tumekuja kulipa," Jaduong' akasema. "Kama serikali imeanza kukagua ndoa, huyu wangu asikosekane kwa hesabu."

"Mimi ng'ombe za mahari sijamaliza," akalalamika mvuvi mmoja mwenye ndevu, "na sasa serikali pia inataka zake?"

Nikafungua mdomo. "Ndugu wateja, taarifa iliyotolewa ilihusu..." Nyuso zikazidi kuwa nzito. Kila neno langu lilizidi kuwa serikali. Nikaanza kulia, machozi ya kweli, ndipo yule mama wa kofia akaniachia tabasamu na kuniambia taratibu, "Nyathina, wuo gi Dholuo." Mwanangu, sema kwa Dholuo.

Nikasema. Kwa lugha ya mama yangu maneno yalitoka yenyewe: ni video, ni bekapu, ni mimi, ni woga wa kupiga simu.

Chifu ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akainama kuiokota akacheka huko huko chini. Mtu akasema, "Yawa, mimi nimeshaomba msamaha wa mambo ambayo bibi hakuwa anajua!" na hapo studio yote ikapasuka, watu wanashikilia ukuta, Jaduong' anapanguza macho na tai ya harusi.

Waya akaingia na kamera shingoni, ameona umati hadi nje. "Nani amekufa?"

Walipomweleza hakunipiga wala hakunikemea, alinipa tu kamera niishike, na hilo lilikuwa baya zaidi. Halafu yule mwenye ndevu akaacha kucheka.

"Ngoja kwanza. Kumbe bado kuna kulipa?"

"Kuko," Waya akasema.

"Mama Studio, mimi nilikulipa mara moja. Ulisema mpaka nizeeke. Niangalie. Nimezeeka?"

Wengine wakaanza kuguna, na mimi nikaona kicheko chote kinageuka, na ni mimi niliyewakusanya hapa wote pamoja, kama ningewapigia mmoja mmoja wangeguna mmoja mmoja. Waya akaeleza, bila kujitetea. Ndipo Jaduong' akagonga fimbo.

"Niulize kitu. Ng'ombe za kuoa huisha lini?"

"Haziishi!" wakajibu.

"Na kuna mtu amefutiwa bibi kwa sababu imebaki moja?"

"Hakuna!"

"Basi tutalipa polepole kama wakwe wazuri, na wewe, mama, usitufutie kwa haraka."

Mwenye ndevu akafikiri. "Lakini isiwe kila mwezi. Mwezi ukiwaka omena haikuji kwa taa, mvuvi hana kitu. Kwa nini mtu anidai wakati wa mwezi? Tuseme kila giza, wavu ukijaa."

Watu wakapiga makofi, na hivyo ndivyo Waya alivyokuwa, nafikiri, mteja wa kwanza wa programu ile anayekusanya malipo kwa kufuata omena, hao dagaa wa ziwani. Jaduong' na mkewe hawakutaka kurudi na nguo zile bure, wakaomba picha, wakasimama mbele ya maporomoko yangu, wamenyooka kabisa.

Jioni Waya aliniambia, "Wapo ambao hawakuja." Nikasema nitaenda mwenyewe, kwa miguu, na nitasema kwa mdomo. Na niliapa, na bado naapa: neno linalomhusu mtu sitalificha tena ndani ya meseji, hata kama sauti inatetemeka.

Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nikaanza na nyumba ya Baba Bravin. Alikuwa amefika na boti ya jana usiku na hajatoka nje ya boma. Nilimkuta amechuchumaa anasugua sufuria kwa majivu, uwanja umefagiliwa, maji yamechotwa, na Mama Bravin ameketi kibarazani na kikombe cha chai, miguu imenyooshwa. Nikajitambulisha, mimi ndiye wa ile meseji. Baba Bravin akaruka.

"Afisa! Umeona mwenyewe najitahidi!"

Nikavuta pumzi niseme ukweli, kama nilivyoapa. Mama Bravin akaniita karibu kwa kidole, akanong'ona, "Nilisikia jana sokoni, ni video. Pesa yako iko hapa. Lakini bado sufuria mbili, na banda la kuku."

Nilimtazama yeye, nikatazama sufuria. Sikuwa nimeapa chochote kuhusu mambo ya nyumba za watu. Nikasimama wima, nikasafisha koo, na kwa sauti ambayo sikujua ninayo nikasema kwa Kiswahili sanifu:

"Ndugu mteja, ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa!"

"Asante sana, afisa!" akasema Baba Bravin, na akavuta ile sufuria ya ugali, ile nyeusi kabisa.