Hema la Maembe Yaliyooza

Vilimani juu ya mji wa Saint-Paul, Elvina Sinimalé alikuwa akipita na toroli nyumba hadi nyumba msimu wote wa maembe, akiomba kitu ambacho hakuna aliyemnyima: yaliyoanguka na kuoza.

Alianza mwaka aliofiwa na mumewe, Marius. Marius ndiye aliyekuwa akipuliza dawa, na Elvina hakutaka hata kuigusa ile pampu. Basi inzi wa matunda wakajipatia karamu. Ukipasua embe zuri la aina ya José unakuta mabuu yanarukaruka. Akawa anachimba mashimo na kufukia matunda mabovu hadi mgongo ukagoma. Ndipo bibi shamba mmoja alipomletea hema dogo la chandarua.

"Humu ndimo utakuwa unayatupa," alimwambia. "Inzi wakianguliwa watanasa, matundu hayawatoshi. Lakini kuna vinyigu vinavyotaga ndani ya watoto wa inzi na kuwala. Hivyo ni vyembamba, vitapenya viende kuwasaka wengine shambani."

Jirani yake, Gonzague, mjane mwenzake mwenye bata kumi na wawili, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Elvina, watu wanafuga ng'ombe, wewe unafuga uozo!"

"Na wewe kaka Gonzague unafuga mdomo. Lete maembe yako mabovu."

Alileta, huku anaziba pua. Lakini alivyoona mabuu yale manono yakijazana chini ya hema, akayatamani kwa ajili ya bata wake. Asubuhi moja Elvina alipokuwa kanisani, Gonzague alifungua zipu ya hema akawaingiza bata.

Elvina aliporudi alikuta hema wazi, inzi wanamiminika nje kama moshi, na bata wamelala kivulini, matumbo yamewajaa. Gonzague alijiandaa kutukanwa. Elvina hakumtukana. Aliketi ukingoni mwa toroli na gauni lake la kanisani, akalia kwa kwikwi. Gonzague hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika Marius.

"Jirani, ni inzi tu hao," alisema, sauti imemnywea.

"Wiki tatu, Gonzague! Wiki tatu nimeyabeba peke yangu."

Kesho yake alfajiri toroli halikuwepo. Lilirudi saa tatu limefurika, Gonzague analisukuma, shati limemganda mgongoni. Alifanya hivyo siku ya pili na ya tatu, na bata akawafungia. Elvina alimpa sahani ya wali na rugai, ule mchuzi mkali wa soseji na nyanya, lakini hakumsemesha.

Siku ya kumi na nane alimwita.

"Weka mkono wako hapa kwenye chandarua."

"Wataniuma."

"Hawaumi mtu. Weka."

Gonzague aliweka. Kidudu chekundu-chekundu, chembamba kama uzi, kilipenya kwenye tundu kikampandia kidole, kikapapasa kwa pembe zake ndefu, kikaruka kuelekea miembeni. Kikafuata kingine. Mzee alisimama, mkono umenyooka, akawahesabu hadi thelathini na mkono ukafa ganzi.

"Na wote kama hawa, wa mara ile, mimi niliwakosesha kuzaliwa," alisema mwishowe.

"Si wote. Funga domo, utawapulizia."

Msimu ule Elvina aliokoa kiasi cha nusu ya maembe yake. Uliofuata aliokoa zaidi, na majirani watatu wakaomba nao wapewe mahema. Siku hizi Ijumaa huwakuta wote wawili kwenye soko la Saint-Paul. Elvina anauza, na Gonzague anamshika kila mteja mkono akimweleza habari za "nyigu wetu," hadi Elvina anamkanyaga mguu chini ya meza.

"Mwache mama wa watu alipe aende!"

"Ngoja kwanza, sijamwambia wanavyotaga."