Matone ya Macho

Juzi niliingia kwa duka la dawa pale Kapsoit, macho yakiniwasha kwa vumbi la barabara. Mhudumu aliniambia niache kuyasugua na niyaoshe kwa maji safi, kisha akanitilia matone. Tone la kwanza lilikuwa baridi. Nilikuwa nategemea kitu vuguvugu.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani tulipikia matawi ya michai iliyopogolewa. Mvua ya alasiri iliyaloanisha karibu kila siku, kwa hivyo moshi wake ulikuwa mzito na mchungu. Siku moja nilipuliza moto, majivu yakaniruka machoni. Mama alinimwagia maji, lakini nikazidi kulia. Dawa ya kwetu ilikuwa maziwa ya mwanamke anayenyonyesha, na mama alikuwa ameacha kunyonyesha zamani.

Jirani yetu akatokea mlangoni. Alikuwa ametoka upande wa ziwa kuja kuchuma majani chai, na wiki moja kabla tulikuwa tumezika mtoto wake mchanga. Mama hakuthubutu kumwita.

"Nipe huyo mtoto," akasema. "Maziwa bado iko."

Akanilaza mapajani, akafungua blauzi, akanikamulia matone machache katika kila jicho. Blauzi ilinuka majani mabichi. Mama aliinama kwenye sufuria, akakoroga maji matupu.

Baadaye nikasema, "Haichomi tena."

"Ngoja kidogo," akajibu jirani, mkono wake ungali chini ya kichwa changu.

Nikangoja.