Nyeusi, Nyeupe na Kidole Gumba

Mashine zilikuwa mbili. Majina yake kila mtoto wa Rumonge anayajua, lakini mimi sitayaandika, nisije nikaonekana ninamuuzia mtu bidhaa zake. Nyumbani tuliziita Nyeusi na Nyeupe, kwa rangi zake. Zote ni za kuchezea mpira kwenye televisheni, zote zilikuwa zimetumika kidogo, na zote, niseme mapema, zilikuwa nzuri.

Watu huniomba kuamua mambo ambayo siyajui. Ni kwa sababu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mitumbwi ikifika asubuhi, mimi ndiye ninayegawa pale mchangani fungu la kila mtu wa ekipe yetu ya uvuvi, kwa bakuli, na desturi yetu ni kwamba anayegawa huchukua la mwisho. Ukigawa vibaya, fungu baya linakubakia wewe mwenyewe. Basi watu wamenihesabu kuwa mwenye haki, kumbe pengine mimi ni mwoga tu. Shule niliiachia kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania, kabla hatujarudi, na tangu hapo sijapata kitu ninachokiamini kuliko bakuli.

Baba watoto alikuwa kapiteni wa ekipe hiyo. Siku moja wanavuta wavu, kamba ikamzunguka mkono wa kushoto, na ilipofunguliwa kidole gumba kilikuwa kimemaliza kazi. Hakikukatwa, kipo. Ila hakikunjiki. Kimesimama muda wote kama cha mtu anayesema sawa, hata siku ambazo hakuna kilicho sawa. Akamwachia mdogo wake ukapiteni, akakaa nyumbani. Mtu aliyekuwa na maneno mengi hata wauza mawese walikuwa wanamkimbia, sasa ukimuuliza kitu anajibu ego au oya, ndiyo au hapana, basi.

Zamani, mwezi ukiwa mkubwa, nyumba yetu ilikuwa inajaa. Mwezi ukiangaza ndagala hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika siku kadhaa, na ekipe nzima ilikuwa inakuja kwetu kula na kubishana. Baada ya ajali hawakuja. Siwalaumu. Mtu utazungumza nini mbele ya kapiteni wako bila kutaja ziwa? Walikuwa wanapita njiani, wanasema amahoro, wanaongeza mwendo.

Ni shemeji, huyo mdogo wake, aliyeleta wazo la mashine. Wachange ekipe nzima, inunuliwe, ikae kwetu, na mwezi ukiwa mkubwa waje kucheza. Hakusema ni kwa ajili ya nani. Aliniambia tu kwamba televisheni yetu ni kubwa na watoto wetu hawana makelele. Televisheni yetu ni ya kawaida kabisa, na watoto wangu majirani wote wanawasikia. Nikasema ni kweli, shemeji, murakoze, asante.

Lakini mashine gani? Hapo ekipe ikapasuka. Shemeji alitaka Nyeusi, na vijana wawili wa kuvuta wavu walikuwa nyuma yake. Fundi wa mota, ambaye ni rafiki wa baba watoto tangu utoto, alitaka Nyeupe, maana aliichezea kwa binamu yake Bujumbura akarudi ameioa moyoni. Walibishana mchangani, walibishana sokoni, hadi wanawake wa kuanika ndagala wakawa na pande zao, na hakuna hata mmoja wetu sisi wanawake aliyewahi kushika moja wala nyingine.

"Nyeusi iko kila nyumba," shemeji alikuwa anasema. "CD tunabadilishana na watu wa Gatete. Ikikufa, fundi iko hapa hapa sokoni."

"Hata malaria iko kila nyumba," fundi wa mota akamjibu.

Mwenye duka aliyekuwa nazo zote mbili ni Mwarabu wetu wa hapa, mzee ambaye babu zake wamezikwa Rumonge, sote tunamwita Ami. Alichoka na kelele mlangoni kwake. Mwezi ulipokuwa mkubwa akazileta zote nyumbani kwetu mchana, akaziweka juu ya mkeka, akasema tuzijaribu kwa raha zetu, moja ibaki, nyingine irudi dukani ndani ya karatoni yake. Shemeji akanigeukia.

"Shemeji, wewe njo unagawaga ndagala. Gawa na hii."

Niliwaambia sijui kitu. Wakasema ndiyo vizuri. Basi nikapanga kama ninavyojua: mashine zote mbili zichezwe muda sawa, televisheni ile ile, timu zile zile, ya njano na ya buluu, na kila mchezaji aguse zote. Baba watoto walimpa filimbi ya mtoto wetu wakamfanya abitre, mwamuzi wa mchezo. Ilikuwa heshima, na aliipokea kama heshima. Akakaa kwenye kiti karibu na mlango, filimbi mkononi, hakuipuliza hata mara moja.

Nyeusi ilianza. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Majani ya uwanja ungeweza kuyahesabu. Ilimaliza muda wake wote. Tukaunganisha Nyeupe, wakacheza kidogo, na umeme ukakatika.

Vijana wakasema inatosha, tumeona. Nikakataa. Nyeusi imekula sahani nzima, Nyeupe imeonjeshwa, nitaamuaje? Shemeji akacheka akasema mashine haisikii njaa. Pengine alikuwa na haki. Lakini sikuweza, nikasema tusubiri hadi umeme urudi, hata kama ni kesho. Wakatoka kwenda kuvuta hewa chini ya ukingo wa paa, bado wanatupiana maneno.

Mimi nilikwenda jikoni, kisha nikarudi kuchukua sahani. Baba watoto alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, peke yake. Alikuwa ameshika manete ya Nyeusi, kile kitu cha kushika mikono miwili na kuchezea. Imekufa, haina moto, na yeye anajaribu kushusha kidole gumba hadi kwenye kijiti cha kukimbiza mchezaji. Kwenye Nyeusi kijiti cha kushoto kiko chini, ndani, karibu na katikati. Kidole hakikufika. Alikisukuma kwa mkono mwingine, kikarudi juu. Akaiweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akachukua manete ya Nyeupe. Kwenye hiyo kijiti cha kushoto kiko juu, pembeni. Kidole kikakaa pale penyewe, bila kuitwa. Akakizungusha, huku na huku. Akaendelea kukizungusha, mbele ya televisheni nyeusi tupu.

Niligonga sahani makusudi kabla ya kuingia. Akarudi kwenye kiti chake na filimbi yake.

Usiku huo usingizi ulinipotea kwa mambo mawili. La kwanza, sisi sote tulitaka kuileta mashine kwa ajili yake na hakuna aliyefikiri kwamba angependa kuicheza. Tulimwekea kiti cha kuangalia. La pili lilinisumbua zaidi: sasa mimi si mwenye haki tena. Nimeona kitu ambacho wengine hawajaona, na mimi ni mke wake. Nikisema Nyeupe, ninagawa au ninajichotea? Sababu za shemeji zilikuwa za kweli, zote. Na watu waliochanga wengi ni wa Nyeusi. Kwenye ndagala simwongezei mtu kwa sababu ana kidonda.

Kesho yake mchana umeme ukarudi, wakaja wote. Nyeupe ikamaliza muda wake. Wakanitazama. Nikasema bado kuna mmoja hajaguswa na bakuli, abitre na yeye acheze.

Shemeji aliutazama ule mkono, kisha akatazama ukutani. Baba watoto akasema, "Mimi sichezagi."

"Sijawahi kugawa nikamuruka mutu wa ekipe," nikamwambia. "Usinianzishie leo."

Sijui kama alijua kwamba nilimwona. Hakuwahi kuniuliza. Alishuka akakaa kwenye mkeka, kando ya mdogo wake.

Nilianza na Nyeusi. Ningeweza kuanza na ile nyingine, lakini ingesemwa kwamba nimemchosha kabla hajafika kwenye Nyeusi, na ingesemwa kweli. Mchezaji wake alikwenda hadi kwenye mstari akabaki pale anazunguka, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kijiti. Shemeji, kwa moyo mzuri kabisa, akamwonyesha kwamba Nyeusi ina pia vitufe vya msalaba, viko juu, anaweza kutumia hivyo. Akajaribu. Vitufe vinataka kubonyezwa, na kidole kile kinaweza kusukuma tu, hakibonyezi. Ndipo shemeji akafanya jambo la huruma. Mpira ulipofika kwa bahati mbele ya lango lake, alimwondoa kipa. Bao likaingia. Vijana wakapiga makofi.

Baba watoto akaweka manete chini.

"Siku zako za kwanza ziwani ulikuwa unaachia kamba," akamwambia mdogo wake, bila kupandisha sauti. "Nilikuhurumia?"

"Oya, mukubwa."

"Basi na wewe usinihurumie."

Mimi mwenyewe nikaunganisha Nyeupe, kwa sababu hakuna mwingine aliyesogea. Wakaanza upya. Shemeji alicheza kweli sasa, uso umekaza, na akafunga bao, akafunga jingine, akafunga tena. Fundi wa mota alikuwa anafunika macho. Lakini mchezaji wa baba watoto alikuwa anakimbia. Anapoteza mpira, anaufuata, anaupoteza tena. Na karibu na mwisho, mchezaji wake wa njano akapita katikati ya buluu wawili akapiga, mpira ukaingia kando ya kipa. Nilimtazama shemeji usoni kuhakikisha kwamba hakumpa. Hakumpa. Alikuwa amekasirika.

"Kapiteni," baba watoto akamwambia, "umelala?"

Tangu amwachie mitumbwi hakuwahi kumwita mdogo wake jina hilo, hata siku moja. Shemeji akasema kwamba jua lilikuwa linampiga machoni, na hapo ndani hamna jua, na fundi wa mota akaanza kucheka hadi akalala kwenye mkeka.

Wakaniuliza: je, mgawaji? Niliwaambia ukweli, kwamba siwezi. Nikasema nimekuwa na upande tangu jana, na anayegawa huchukua la mwisho, kwa hiyo wao wachukue kwanza. Shemeji aliinama akaanza kukunja waya za Nyeusi, taratibu, akaziweka kwenye karatoni ya Ami pamoja na manete zake, akafunga.

"Hiyo Nyeupe itatutesa," akasema. "CD tutatoa wapi?"

Na imetutesa. Ninaandika hili ili isije ikasemekana nilificha. Tuna CD chache, wamezicheza hadi wanajua mpira utakwenda wapi. Watu wa Gatete hawana cha kubadilishana na sisi. Mara moja ilikufa, fundi wa sokoni akaifungua, akaifunga, akaturudishia, na ikabidi fundi wa mota aipeleke Bujumbura ikiwa imefunikwa kwa shuka yangu. Ikiwa bado iko huko, mwezi mkubwa ukapita bila mashine. Walikuja hata hivyo, wakakaa kwenye mkeka mbele ya televisheni iliyozimwa, na baba watoto akawasimulia mabao ambayo wote waliyaona.

Bado hushindwa mara nyingi kuliko anavyoshinda. Shemeji hamwachii. Jana nikiwa jikoni nilimsikia akimwambia, "Mukubwa, leo utakula mabao mpaka ushibe, mwambie shemeji asipike." Na nikasikia jibu, refu, lenye matusi madogo ya ziwani ambayo siwezi kuyaandika. Nikaendelea kupika.

Lakini picha ya Nyeusi ilikuwa safi zaidi, hasa yale majani. Nimeona isemwe.