Biti Butu kwa Akriliki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, dada yangu Zainabu alikuwa afungue duka la korosho Mikindani kesho yake, Ijumaa baada ya swala. Nilikuwa kijana wa kuchonga mpingo, akanipa kazi ya kumtengenezea kabati la kuonyeshea korosho, mbele liwe na akriliki, ile plastiki angavu kama kioo.

Nikaenda kwa Mzee Gulamu, muuza vifaa. Nilipatana naye mpaka akapangusa jasho, nikatoka na vipande viwili, kimoja cha akiba, kwa bei iliyonifurahisha mimi peke yangu. Akaniita anieleze namna ya kuitoboa. Ushauri ulikuwa wa bure, na kitu cha bure sijui kukipatania, nikauacha dukani kwake.

Nyumbani nikainoa biti, ile ncha ya drili inayotoboa, tunavyoinoa kwa mpingo, ikawa wembe. Nikaanza kutoboa, kifua nimekiegemeza kwenye drili. Tundu likiwa karibu kutokea upande wa pili, nikasikia ta! Ufa, pembe hadi pembe.

Zainabu akachungulia. "Kaka, hilo ndilo dirisha la hewa?"

"Kimebaki kimoja," nikasema.

"Basi rudi kwa mzee. Na ukifika, usianze kuomba apunguze!"

Mzee Gulamu aliitazama biti, akacheka. "Umenoa! Nyie Wamakonde, kwenu kila kitu mpingo."

"Sasa mzee, nitoboe na nini, kijiko?"

"Na biti butu, bwana. Kali inaing'ata, inaivuta, inapasuka. Akriliki inakwanguliwa tu."

Akaisugua ncha kwenye jiwe mpaka makali yakafa. Akaibana juu ya ubao ile akriliki iliyobaki, niliyokwenda nayo, akatoboa polepole, huku akidondoshea maji ya sabuni. Alipokaribia kutokea chini, alilegeza mkono kabisa. Tundu likatoka safi. Yaliyobaki akaniachia mimi, nami nikayatoboa nikiwa nimebana pumzi.

Ijumaa korosho zilionekana tangu barabarani. Zainabu akanipa konzi moja ya korosho. Nikadai nyongeza, nikapata.

Basi mwanangu, ukitoboa akriliki, kaa mbali na ukingo, na tundu lizidi skrubu kidogo, maana joto letu huitanua. Mkono wako uliozoea kitu kigumu usiuamini upesi mbele ya kitu kigeni. Kwanza uliza chenyewe kinataka kushikwaje. Mungu akupe mikono mitulivu, na kazi yako ikupe usingizi mzuri.