Hereni Moja Nyekundu

Yule mama anayepiga picha za macho kwenye kliniki yetu hapa Eldoret huvaa hereni moja tu, nyekundu. Husugua viganja vipate joto kabla ya kumshika mtoto kidevu. "Angalia hereni yangu, mami, usipepese," husema kwa sauti ya chini, halafu kamera inamulika mishipa ya damu ndani ya jicho.

Leo alimfunika binti yangu Nabalayo jicho zuri, akalipiga picha lile linalouma. Akatazama skrini. Kisha akaivua hereni polepole, akaifumbata.

"Bado unaiona, mami?"

"Naiona. Inang'aa," Nabalayo akajibu haraka, maana alitaka twende nyumbani Kapsoya.

"Vizuri, mami," akasema, ngumi bado imefungwa, akainamia kamera tena.